Wiki ya Sita ya Yonazi Luhwago

1

Katika wiki ya sita ya matibabu ambayo alikuwa hajayaanza, Yonazi Luhwago alisema inatosha, hataki tena.

Alisema hivyo asubuhi, ndani ya chumba cha mipango cha hospitali ya mionzi iliyo juu kidogo ya mji wa Mafinga, huku Yonazi mwenyewe, yule wa nyama na damu, akiwa kiwandani kwao Mufindi akionja chai kama siku zote. Aliyesema ni mtangulizi wake, na sauti ilitoka kwenye kipaza sauti kidogo juu ya meza. Ilikuwa sauti ya Yonazi ileile, ila imekauka na inakwaruza, kama ya mtu aliyeshinda akipiga kelele kwenye vumbi.

Dk. Atupele Mwakalinga alidhani hakusikia vizuri. Akarudia swali.

"Tuendelee?"

"Hapana," mtangulizi akajibu. "Nimesema inatosha."

Hilo lilikuwa halijawahi kumtokea. Sheria ilimtaka daktari aulize swali hilo kila wiki ya mtangulizi inapoisha, kwa neno hilo moja, bila kubembeleza wala kueleza. Watangulizi walinung'unika, walilia, mmoja aliwahi kumtukana mpaka chumba kizima kikacheka, lakini mwisho wa yote walisema ndiyo, tuendelee. Huyu alikuwa wa kwanza kukataa.

Mtangulizi hakuwa mtu, na Atupele alijikumbusha hivyo mara nyingi. Alitengenezwa kwa picha za kichwa na shingo ya mgonjwa, kwa damu yake, kwa kipande cha uvimbe wake, na kwa mazungumzo marefu ambayo mgonjwa alifanya na mashine akiieleza maisha yake, jinsi anavyopokea maumivu, anachokipenda na anachokiogopa. Vyote hivyo viliingizwa ndani, kisha mashine ikampitisha kwenye matibabu kabla ya mwenyewe, wiki nzima ikipita kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Zamani madaktari walikadiria tu, wakampa mgonjwa dozi na kungoja waone koo lake litasema nini. Sasa koo la kwanza kuungua halikuwa la mtu yeyote.

Idrisa Mtulia, mwanafizikia aliyepanga mionzi pamoja na Atupele kwa miaka mingi, alishauri wamalize hesabu kwanza, mengine yafuate. Akaizima sauti na kuiendesha wiki ya mwisho kimyakimya. Kwenye kioo wakaona uvimbe ulio nyuma ya ulimi ukinywea, kisha tezi ya shingoni, kisha hapakuwa na kitu. Miaka mitano mbele, bado hapakuwa na kitu.

Wakaanza upya na mtangulizi wa pili, mara hii kwa mionzi peke yake, bila dawa ya kemo. Huyo hakusumbua. Kila wiki alisema ndiyo, na sauti yake haikuharibika sana. Katika mwaka wa pili baada ya matibabu tezi ya shingoni ikarudi, ikakua, ikamziba njia ya hewa.

Idrisa alijiegemeza kwenye kiti. Aliyesema hapana ndiye aliyepona, alisema, na aliyesema ndiyo ndiye aliyekufa. Kwa maoni yake jambo lilikuwa rahisi: mgonjwa apewe vyote viwili, na asiambiwe kwamba mtangulizi alikataa, maana ukimwambia mtu kwamba atashindwa unakuwa umeshamsaidia kushindwa.

Atupele alifungua fomu ya mgonjwa. Sheria ilimpa kila mgonjwa haki ya kusikia yote aliyoyasema mtangulizi wake, na pia haki ya kutosikia. Yonazi Luhwago alikuwa ameomba kusikia yote.

2

Alikuja na mkewe, Bi Felista, ambaye yeye alimwita Mama Shukuru. Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, mwenye sweta la kijani, aliyezoea kufikiri kwa ulimi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akisimama mbele ya safu ya vikombe, akiivuta chai kwenye kijiko kwa mlio mkali, akiizungusha mdomoni na kuitema, kisha akisema imetoka kilima gani na kama tanuri lilizidishiwa moto. Mashine ziliweza kazi hiyo siku hizi, lakini wanunuzi wa mnadani walikuwa bado wanataka neno la mtu. Uvimbe wa shingoni aliugundua akinyoa ndevu. Akadhani ni jino.

Atupele alimweleza polepole. Mionzi inaingia ndani ya seli ya saratani na kukata uzi unaoiongoza. Seli ikipewa usiku mmoja wa kupumzika, inaushona ule uzi. Dawa ya kemo kazi yake kubwa hapo ni kuinyang'anya sindano, isiweze kushona. Ndiyo maana vinatolewa pamoja, mionzi kila siku ya kazi kwa wiki saba, dawa mara moja kwa wiki.

Yonazi alifikiri kidogo, akasema ni kama kunyausha majani. Jani bichi likipelekwa kwenye mashine ya kusaga linateleza, linakuwa kaidi. Likinyaushwa kwanza, linasagika.

Atupele alisema ndivyo hasa, ila tatizo ni kwamba dawa haichagui, inanyausha na jani zima. Akamtajia yanayokuja: mate yatakauka, mdomo na koo vitatoka vidonda, masikio yanaweza kuanza kulia, figo zitahitaji kulindwa kwa maji mengi.

"Na ulimi wangu?" Yonazi akauliza.

"Kwa miezi mingi hutasikia ladha ya kitu chochote. Baadaye nyingine zitarudi. Siwezi kukuambia zipi."

Kisha akawaeleza habari ya watangulizi wawili, bila kuficha, wa ndiyo na wa hapana. Bi Felista alisema kwa sauti ya chini kwamba afadhali asingesikia. Yonazi akataka kujua yule aliyekataa alitoa sababu gani. Atupele ilimbidi akiri kwamba hakuulizwa. Sheria inamruhusu daktari kuuliza swali moja tu.

"Basi nitamuuliza mimi," Yonazi akasema.

3

Hakuna kilichokataza mgonjwa kuzungumza na mtangulizi wake, ila ni wachache sana waliotaka. Idrisa alimrudisha yule wa kwanza mpaka mwisho wa wiki ya sita, pale pale aliposema hapana, akawasha kipaza sauti na kusogea pembeni.

"Kamwene," Yonazi akasema, kwa salamu ya kwao, kwa heshima, kama anayemsalimu mgeni.

"Kamwene," ikajibu sauti yake mwenyewe.

Bi Felista alijishika mdomo.

Yonazi aliuliza kama anayeuliza habari za safari. Mtangulizi alimjibu kwamba maumivu ni makali lakini mwili unayazoea, kwamba usingizi ni wa vipande vipande, kwamba maji yana ladha ya chuma na baadaye hayana hata hiyo. Kuhusu chai alisema ameshaomboleza, ameshamaliza.

"Basi kilichokushinda ni nini?"

Sauti ikajibu:

"Mama Shukuru. Anapika, siwezi kumeza. Sasa anakula jikoni amesimama, amejificha, ili nisimwone. Amekonda kuliko mimi. Sitaki kumwona akiisha kwa ajili yangu."

Bi Felista alisimama.

"Huyo hanijui mimi," alisema. Hakupaza sauti. "Amepimwa yeye damu, amepimwa shingo. Mimi nilipimwa na nani? Nani alimwambia nitajificha jikoni?"

Akachukua mkoba wake, akatoka nje. Mtangulizi hakuongeza neno, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kitu.

Baadaye Idrisa alikiri kwamba mama yule alisema kweli. Ndani ya mtangulizi hapakuwa na Felista yeyote. Palikuwa na vile Yonazi anavyomdhania mkewe, basi. Nyumba nzima ya mtangulizi ilikuwa na mtu mmoja, naye ni Yonazi.

Yonazi alichagua tiba zote mbili. Lakini kabla ya kutia kidole gumba kwenye kioo cha ridhaa, alimgeukia Atupele akataka amwekee ahadi.

"Nikifika wiki hiyo nikasema acha, usinisikilize. Mimi wa leo ndiye mwenye akili zangu zote."

"Siwezi kukuahidi hilo, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na siku hiyo utakuwa ni wewe."

Hakulipenda jibu hilo. Alimwambia kwamba daktari wa namna hiyo ni kama dereva anayeuliza abiria njia kwenye kona. Alikuwa ameshaanza kuvaa kofia yake pale Bi Felista, aliyekuwa amerudi, alipomvuta mkono wa sweta na kumwambia aketi. Walianza Jumatatu.

4

Walimtengenezea kinyago cha plastiki ya uvuguvugu, kikakaa usoni na shingoni kama ngozi ya pili, na kila asubuhi kilibanwa mezani ili kichwa kisicheze hata kidogo. Mashine ilimzunguka bila kelele. Siku ya dawa alikaa kwenye kiti cha kuegemea mpaka alasiri, chupa ikidondosha, na muuguzi akimpitishia maji mishipani ya kuosha figo. Walipewa chumba katika nyumba ya wagonjwa nyuma ya hospitali, chenye jiko dogo na dirisha linalotazama misitu ya misindano, ambako magari ya magogo yasiyo na dereva yalipita polepole kutwa nzima.

Tangu siku ya kwanza Bi Felista alikula mbele ya mumewe. Aliketi mezani akakabiliana naye, na sahani yake ya ugali, maharage na majani ya maboga, akala mpaka akamaliza, huku akimweleza kama chumvi imezidi au imepungua. Mwanzoni Yonazi alicheka. Katika wiki ya tatu uji wake ulimgeukia mdomoni ukawa kama udongo, na siku chache baadaye hata udongo haukuwepo. Wiki ya nne wakamwekea mrija wa kumlishia tumboni. Wiki ya tano alimwomba mkewe akale kwingine, harufu inamchefua, na kumwona akitafuna kunamtia hasira ambayo hajui aipeleke wapi. Bi Felista alikataa. Alisema hataki yale maneno ya mashine yawe kweli.

Kwa hiyo mtangulizi alikuwa amekosea kabisa kuhusu Felista, na wiki ya sita ikafika vilevile.

Asubuhi ya siku ya pili ya wiki hiyo Yonazi aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha mionzi, akakataa kuingia. Ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi, imechubuka. Masikio yalimlia tangu wiki iliyopita. Atupele alipoitwa na kuchuchumaa mbele yake, Yonazi alilisema neno lile kwa sauti ileile iliyotoka kwenye kipaza sauti.

"Inatosha."

Bi Felista alimwambia Atupele amwingize. Alimkumbusha kwamba mume wake mwenyewe alisema asisikilizwe, tena akiwa mzima, na daktari alikuwepo. Idrisa alisimama mlangoni na kinyago mkononi. Atupele alijua anachokifikiri, kwa kuwa hata yeye alikifikiri: seli zilizobaki hai mpaka wiki ya sita ni zile kaidi kuliko zote, na kila siku ya mapumziko zinaongezeka. Dawa iliyokwisha kuingia ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi yake. Mionzi ndiyo isiyovumilia kukatwa.

Akamuuliza Yonazi swali ambalo hakuruhusiwa kumuuliza mtangulizi.

"Uache nini, mzee? Tukiacha dawa, tukamaliza mionzi tu, utaweza? Zimebaki siku chache."

Yonazi alitikisa kichwa. Vyote. Anataka kwenda nyumbani.

Zilikuwepo njia. Angeweza kumpa dawa ya kumtuliza, kisha akamuuliza tena akiwa nusu usingizini. Angeweza kumwacha mkewe amsemee. Angeweza kumbembeleza mpaka achoke, na alikuwa karibu sana kuchoka. Atupele alimwangalia, akijiuliza mgonjwa wake ni yupi: yule wa sweta la kijani aliyeomba asisikilizwe, au huyu aliyekaa hapa, asiye na mate ya kumeza. Alitaka sana awe yule wa kwanza. Lakini yule hakuwa na koo la kuunguzwa. Koo lilikuwa la huyu.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Nitakupa dawa za maumivu na za vidonda. Mashine itakungoja saa yako ileile, kila siku."

Bi Felista alimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha akaenda kufunga mizigo.

5

Siku iliyofuata, saa ya Yonazi ilipofika, Atupele aliagiza mgonjwa mwingine asiingizwe. Chumba kikakaa kitupu, taa zinawaka. Idrisa alipiga hesabu na kumwonyesha, bila kumlaumu, jinsi mstari wa tezi ya shingoni ulivyoanza kuinuka. Ulikuwa umeinuka kidogo tu, lakini umeinuka.

Siku ya pili mashine ilikaa tena bila mtu. Mchana Atupele aliingia kwenye gari la hospitali, akaliambia limpeleke Mufindi. Gari lilimuuliza kama ni safari ya dharura. Akasema ndiyo. Likaondoka, na lilipofika getini akaliambia lisimame. Alikaa humo ndani, mlinzi akimtazama kwa mshangao. Alishaandaa maneno yote, na yalikuwa maneno mazuri. Alijua kwamba mtu mgonjwa namna ile, aliyechoka namna ile, angemfuata. Hilo ndilo lililomrudisha. Akaliambia gari ligeuze.

Idrisa hakumuuliza alikotoka. Alisema tu kwamba kuna jambo amelitazama upya. Katika watangulizi wote waliowahi kuwatengeneza, hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kwenda nyumbani. Wakisema ndiyo, walipelekwa wiki inayofuata. Wakisema hapana, waliishia pale. Hakuna ajuaye mtangulizi wa Yonazi angefanya nini kama angelala kitandani kwake.

Asubuhi ya siku ya tatu Yonazi alikuja. Alitembea mbele, Bi Felista nyuma amebeba mkoba. Alimpita Atupele kwenye korido kama hakumwona, akaingia moja kwa moja, akavua shati na kulala juu ya meza ya mashine. Kinyago kilipowekwa kikawa kikubwa. Shingo ilikuwa imepungua mno. Wakatengeneza kingine, naye akakaa ametulia muda wote plastiki ilipokuwa inapoa usoni mwake.

Dawa hawakuirudia. Mionzi Idrisa aliipanga upya, siku tatu za mwisho akaingizwa asubuhi na jioni, ili kufidia zilizopotea. Katika siku hizo zote Yonazi hakusema na Atupele zaidi ya kumwitikia salamu. Siku ya kumaliza, Bi Felista ndiye aliyekuja ofisini kuaga. Alisema asante, kisha akasema kwamba hajui kama amemsamehe. Atupele alimwambia hata yeye angekuwa hajui.

6

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, Atupele alipitisha vidole kwenye shingo ya Yonazi Luhwago, chini ya taya, nyuma ya sikio, mpaka juu ya mfupa wa bega. Ngozi ilikuwa ngumu kama ya mkoba wa zamani, lakini chini yake hapakuwa na uvimbe. Picha zilisema hivyohivyo.

Yonazi alikuwa amenenepa kiasi. Alitembea na chupa ya maji kila mahali, na sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri. Ladha ya uchungu ilirudi kwanza, akaeleza, halafu uchachu. Utamu haujarudi na ameacha kuungoja. Kwenye vikombe hasimami tena. Amehamia banda la kunyausha majani, anakoamua kwa kushika na kunusa. Bi Felista hakuja safari hii, shamba la viazi limemshika, ila ametuma salamu. Atupele alizipokea salamu hizo na kuzifikiria zaidi ya zilivyostahili.

Atupele alimwambia kwamba ombi aliloliandika mwenyewe, la kutaka watangulizi wapewe ruhusa ya kwenda nyumbani, bado linabishaniwa mbele ya kamati. Wapo wanaosema itawafundisha wagonjwa kutoroka. Yonazi alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Halafu, bila kumtazama, akaanza kusema.

"Zile siku mbili nilikuwa nakungoja. Nilikaa nje naangalia njia. Nilikuwa na hakika utakuja kunichukua."

"Nilifika getini," Atupele akasema.

Yonazi alilipokea hilo taratibu.

"Ungekuja ningekufuata," alisema. "Sikuwa na nguvu za kukukatalia. Ila nafikiri nisingemaliza. Ningeingia siku moja, mbili, kisha ningetafuta njia ya kufa kabla ya kupona, ili tu uone ulichofanya."

Atupele hakujua kama ilikuwa kweli. Inawezekana na Yonazi mwenyewe hakujua. Ilikuwa pia kweli kwamba zile siku zingeweza kumrudishia ile tezi, na leo Atupele angekuwa anazungumza na Bi Felista peke yake, akiwa hana la kumwambia. Aliushika mkono aliopewa, akaushikilia kwa muda kuliko ilivyo desturi ya madaktari. Kisha akamwambia arudi baada ya miezi sita, naye Yonazi akasema atarudi.